Otosekshuali maana yake nini, na neno lenyewe limetoka wapi?

Swali limetoka kwa kijana wa Kibirizi, hapahapa Kigoma, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo dokta. Nina miaka 29, nahangaika na biashara ya dagaa mwaloni. Nilikuwa na mchumba wa Gungu, tumeachana mwaka jana. Shida ilikuwa nikiwa nae nasimama vizuri tu ila sifiki mwisho, hata tukeshe, lakini nikiwa peke yangu namaliza bila tatizo. Tokea hapo nimebaki na punyeto nikaona afadhali. Sasa juzi nimekutana na neno otosekshuali mtandaoni, wanasema ni mtu anayevutiwa na yeye mwenyewe. Je ndo mimi? Neno limetokea wapi, ni ugonjwa au? Kuna mhubiri alisema hiyo ni dhambi ya Onani, na rafiki yangu anasema nishamaliza nguvu zote nitafute vumbi la Kongo. Alafu mama ananisumbua nioe, sijui nimwambieje."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa mpigo na yote ni ya maana, kwa hiyo nivumilie jibu litakuwa refu. Kabla ya yote shika hili: haya majina uliyotupiwa, otosekshuali, Onani, hata punyeto yenyewe, hakuna lililodondoka kutoka mbinguni, kila moja lina mtu aliyelitunga au aliyelisambaza na alikuwa na shughuli yake, mmoja alikuwa anauza dawa, mwingine anatibu wanandoa, wengine walikuwa wanatafutana tu wajue hawapo peke yao. Ukijua nani alilitoa na alikuwa anataka nini, ndo utajua kama linakuhusu au umebebeshwa mzigo wa mtu.

Tuanze na hilo la mtandaoni. Oto ni Kigiriki, maana yake mwenyewe, ndo hiyohiyo iliyoko kwenye otomatiki, na hiyo sekshuali asili yake Kilatini, mambo ya jinsia na mapenzi. Mtu wa kwanza kuichukua hiyo oto akaifanya neno la kitaalamu kwenye mambo haya ni Mwingereza anaitwa Havelock Ellis, mwaka 1898, yeye alisema otoerotizimu, na alikuwa anamaanisha ashki yoyote inayomjia mtu bila kuchochewa na mtu mwingine, yani hata ndoto za usiku aliziweka humo, hata mawazo ya mchana mtu amekaa tu. Ona alivyolifanya pana. Hakusema ni aina ya mtu, alisema ni hali inayoweza kumpata yeyote. Mwaka 1905 Sigmund Freud, yule tabibu maarufu wa mambo ya akili, akalibeba hilo neno akalitumia kwa namna yake kwenye nadharia zake, huko tusiende maana hatutarudi leo.

Otosekshuali kama unavyoliona saivi lilikuja baadae kabisa. Kwa kawaida anatajwa mwanasaikolojia wa Marekani, Bernard Apfelbaum, mwaka 1989, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu panakugusa. Huyu bwana alikuwa anatibu wanaume wenye tatizo la kutofika wakiwa na mwenza. Madaktari wengi wa wakati ule walikuwa wanaona mwanaume wa namna hiyo anajizuia, anambania mwanamke kwa makusudi au kwa hasira iliyojificha. Apfelbaum akasema hapana, wengi wao mwili wao umezoea kuitikia mguso wao wenyewe, mkono wao ndo unaowapa raha kweli, wakiwa na mwenza wanasimama ndio ila ndani hawajapata msisimko wa kutosha, wanafanya kama wajibu tu. Kusimama kukawa kunawadanganya wote wawili wakadhani mwanaume yupo moto kumbe hayupo. Kwa hiyo yeye aliposema otosekshuali alikuwa anaongelea mguso upi mwili unaitikia. Hakusema kwamba mtu anajiangalia kwenye kioo anajitamani.

Hiyo ya kioo imekuja na watu wa mtandaoni, ambao wamelichukua neno wakalipa maana ya mvuto: mtu ambaye mwili wake mwenyewe, sura yake, wazo la yeye mwenyewe ndo linamwasha. Watu wa hivyo wapo na wala siwabezi, wengine wameoa na wameolewa wanaishi vizuri tu. Alafu kuna neno la pembeni yake, solosekshuali, hilo ni la watu ambao hawana tatizo na mwenza, wanaweza kabisa, ila wakiambiwa wachague wanachagua peke yao, kwao hiyo ndo tendo lenyewe wala siyo mbadala wa kitu. Watu wengi wanayachanganya haya mawili na hata makala nyingi zinayachanganya. Na usichanganye pia na asekshuali, yani mtu asiyevutiwa na yeyote yule, hawa wapo, mtafiti Anthony Bogaert mwaka 2004 alipitia takwimu za watu zaidi ya elfu kumi na nane wa Uingereza akakuta kama asilimia 1 wanasema hawajawahi kuvutiwa na mtu, na baadhi ya watu kama hawa wanajichua lakini hawamuwazi mtu yeyote wakati huo, ni mwili tu. Wala usije ukadhani ni yale majivuno ya mtu anayejiona yeye tu duniani, hiyo ni tabia nyingine na jina lake lilitolewa kwenye hadithi ya Wagiriki ya kijana Narcissus aliyependa kivuli chake majini. Mtu anaweza kuwa otosekshuali na akawa mnyenyekevu kuliko wewe na mimi.

Kwa hiyo neno ni moja ila lina maana mbili, ya tabibu na ya mtandaoni. Ntarudi kwako.

Sasa Onani. Huyu yupo kitabu cha Mwanzo sura ya 38, mstari wa 8 mpaka wa 10, chukua Biblia usome mwenyewe ni mistari mitatu tu. Kaka yake Onani anaitwa Eri alikufa bila mtoto, na kwa desturi yao ndugu alitakiwa amchukue mjane, Tamari, ampatie marehemu uzao, sheria hiyo imeelezwa vizuri Kumbukumbu la Torati 25. Sisi huku hatuna haja ya kuelezwa sana maana wazee wetu nao walikuwa na kurithi wajane. Onani akamchukua Tamari akawa analala nae, ila ikifika mwisho anamwaga chini, kwa sababu alijua mtoto hatahesabika wa kwake. Mungu akachukizwa akamuua. Basi. Hapo hamna mtu anayejichua, kuna mwanaume anayelala na mwanamke akamwaga nje ili kumnyima marehemu ndugu yake mrithi. Mhubiri wako kama anataka kukemea punyeto ana haki ya kutafuta hoja, wapo waliozijenga, lakini kusema ndo kosa la Onani mwenyewe hilo andiko halisemi.

Ilikuwaje basi jina la Onani likabandikwa kwenye punyeto dunia nzima? Hapo ndo panapouma. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 kilitoka kijitabu London, mwandishi hakuweka jina lake, kikaitwa kwa jina la Onani, kikitisha watu kwamba kujichua kunaleta magonjwa ya kila namna, na ndani yake humohumo anatangaza dawa za kutibu hayo magonjwa. Kilichapwa mara nyingi mno. Baadae mwaka 1760 daktari mkubwa wa Lausanne kule Uswisi, Samuel-Auguste Tissot, akaandika kitabu kwa Kifaransa akaupa ule uvumi koti la sayansi, na yeye ndo aliyeeneza ile hesabu kwamba wakia moja ya manii ni sawa na kupoteza wakia 40 za damu. Hakupima popote, alikuwa anafuata imani za zamani kuhusu maji ya mwili. Lakini kwa vile alikuwa daktari anayeheshimika, Ulaya nzima ikaamini kwa zaidi ya miaka mia, vijana wakawa wanafungwa mikono usiku, wengine wakapasuliwa, wakatishiwa ukichaa na upofu. Mdogo wangu, ukisikia mtu saivi anakwambia punyeto inakausha uti wa mgongo, inamaliza akili, inapofua macho, jua anasema maneno ya muuza dawa wa London wa miaka mia tatu iliyopita, yeye hajui tu. Na ona na mwisho wa sentensi yake uko vilevile: kuna dawa, nunua. Vumbi la Kongo, ule unga wanaouza eti wa nguvu za kiume, ni hilohilo, limebadilika chombo.

Hili la punyeto nalo limetoka mbali. Watu wanadhani ni Kiswahili cha mtaani cha juzi, hapana. Ni Kireno, wao wanasema punheta, inatoka kwenye punho yani ngumi, mkono uliokunjwa. Wareno waliingia pwani yetu mwaka 1498, mwaka 1593 wakaanza kujenga ile ngome ya Mombasa, na 1698 Waomani wakawatoa. Kwa hiyo miaka mia mbili. Wametuachia meza, bendera, leso, mvinyo, parafujo, gereza, na kwenye karata wametuachia kopa na shupaza, na mi naona punyeto iko kundi moja na hizo karata, ni lugha ya mabaharia na maaskari waliokaa mbali na wake zao. Wahispania nao wana neno lao la ukoo huohuo, puñeta, ambalo Ufilipino limebaki kama tusi. Wareno hawakufika Kigoma hata siku moja, ila Kiswahili kilifika, kikaja na misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji, Burton na Speke wanafika Ujiji mwaka 1858 wanakuta Waarabu na Waswahili wapo wanafanya biashara, na ukichukua lugha ya watu unaichukua na yote yaliyomo. Vijana wamelikata likawa nyeto, wengine wanasema puli, wengine puchu. Waswahili wenyewe wana kujichua, kutoka kuchua, ile ya kukanda na kusugua mwili, hilo ndo mi natumia kliniki kwa sababu halina harufu ya matusi na mtu mzima anaweza kulisema mbele ya daktari bila kuinama. Masheikh wanatumia istimnaa, Kiarabu, linatoka mzizi mmoja na neno manii.

Nimegusa masheikh, niseme na dini kidogo maana najua unaishi na watu wa dini zote. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni Mashafii, na Mashafii wanaharamisha wakitumia Surat Al-Muuminun aya ya 5 mpaka 7, na kijana asiyeweza kuoa ameelekezwa kufunga. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine, hasa Mahanbali, walioruhusu kwa anayeogopa kuingia kwenye zinaa. Katoliki wanasema ni kosa zito, ila katekisimu yao hiyohiyo kwenye namba 2352 inasema mazoea, kutokomaa kihisia na msongo vinapunguza lawama ya mtu. Mi siyo sheikh wala padri. Kama imani yako inakukataza na wewe unaiamini, iheshimu, ongea na kiongozi wako, hiyo ni haki yako na sitakuvunja moyo. Ninachokataa ni mtu kuchukua hukumu ya dini akaivalisha koti la hospitali, aseme figo zitafeli. Aseme ni dhambi kama anaamini ni dhambi, aishie hapo.

Kwa upande wa mwili sasa, haraka haraka. Korodani zinatengeneza mbegu muda wote, mchana na usiku, mbegu moja kukomaa inachukua kama miezi miwili na nusu na nyingine zinafuata nyuma yake foleni, huna debe la akiba unalolimaliza. Unachomwaga ni kama kijiko cha chai au pungufu, na sehemu kubwa ni majimaji ya tezi, mbegu zenyewe ni kidogo sana humo. Damu haihusiki. Haikuondolei uwezo wa kuzaa. Mtafiti Alfred Kinsey alipohoji Wamarekani, kitabu chake cha 1948 kinasema wanaume kama 92 kati ya 100 walishawahi, na cha 1953 kinasema wanawake 62 kati ya 100, kwa hiyo kama ingekuwa inaua akili Marekani ingekuwa imefungwa. Na nasema wanawake kwa makusudi, kwa sababu wanapokuja kliniki wanaongea kwa sauti ya chini kabisaa wakidhani ni wao tu duniani, dada zangu mnaosoma hapa hampo peke yenu.

Ugonjwa je? Kujichua kwenyewe siyo ugonjwa kwenye orodha yoyote ya kitabibu inayotumika leo. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake mpya iliyoanza kutumika 2022 limeweka tatizo la kushindwa kuzuia tabia za kingono, na hilo linahesabika pale mtu anaposhindwa kujizuia kwa muda mrefu, miezi sita na kuendelea, mpaka kazi inaharibika, familia, afya, anajaribu kuacha anashindwa. Na wameandika wazi kwamba kama mtu anaumia kwa sababu tu anajihukumu kimaadili hiyo haitoshi kumwita mgonjwa. Umenielewa? Wewe unaamka alfajiri unapokea boti, unauza, unalala. Sioni ugonjwa hapo.

Haya, wewe ni otosekshuali? Kwa maana ya mtandaoni, mi sioni. Umesema ulikuwa na mchumba, ukiwa nae ulisimama vizuri, kilichokushinda ni kumaliza. Kwa maana ya Apfelbaum, ya mwili uliozoea mguso mmoja, hapo umejieleza mwenyewe kama vile alikuwa anakuandika. Na hiyo ya pili ni kitu ambacho mara nyingi kinabadilika ukitaka. Usikimbilie kujivika jina kwa sababu mliachana, jina linaweza kuwa pumziko zuri kwa mtu ambaye ndo alivyo, lakini kwa mtu aliyeumizwa linaweza kuwa chumba cha kujifungia. Ila kama baada ya muda utatulia utajiuliza ukaona kweli unapenda peke yako, siyo kwa hofu ya kuaibika tena, basi ndo ulivyo na hakuna mtu wa kukutibu.

Ukitaka kubadilisha, mambo yenyewe siyo magumu. Wanaume wengi wenye hali yako wanakamata kwa nguvu sana na kwa haraka, au wanalala kifudifudi wakisugua kwenye godoro, na hakuna mwili wa mwanamke unaobana namna ile. Legeza mkono, punguza mwendo, tumia mafuta laini, badilisha mkono, na usiwe na video za ngono kila mara maana akili nayo inazoea picha. Inachukua wiki kadhaa usikate tamaa. Ukija kupata mwenza tena mwambie, najua ni ngumu, lakini mchumba wako wa Gungu inawezekana kabisa alidhani humpendi au umechoshwa na mwili wake, wanawake wengi wanajilaumu kimyakimya kwa hili. Mwonyeshe mkono wake ufanye nini. Apfelbaum alikuwa anawaambia wanaume waseme kwa sauti kwamba hawasikii kitu, waache kuigiza, na mi nimeona faida yake kwa watu hapa.

Kuna cha kupima pia. Zipo dawa zinazochelewesha kufika, hasa za sonona kama fluoksetini, na kisukari cha muda mrefu kinagusa neva. Kama unatumia dawa yoyote, au hata ukiwa peke yako umeanza kuchelewa, au kuna maumivu au damu kwenye manii, nenda hospitali, Maweni wapo watu wa kukusikiliza, sema tu "sifiki nikiwa na mwenza" wataelewa.

Vumbi la Kongo achana nalo. Shida yako siyo kusimama, umesema mwenyewe unasimama vizuri, sasa dawa ya kusimamisha itakusaidia nini? Na hakuna anayejua kilichomo kwenye kile kipakiti, kipimo chake hakijulikani, mwenye presha au moyo anaweza kuanguka nalo.

Kuhusu mama. Huhitaji kumweleza mambo ya chumbani, na kwa desturi zetu mtoto wa kiume hakai na mama akamwambia hayo, haileti heshima kwake wala kwako. Mwambie ukweli mdogo unaotosha: mama, niliachana na yule binti niliumia, najipanga, nikiwa tayari utakuwa wa kwanza kujua. Akizidi kukubana mtafute mjomba au shangazi mnayeelewana akusemee, hiyo ndo kazi yao. Ila usikubali kuolewa na presha, kwa maana ya kuoa binti wa watu ili watu wanyamaze huku hujamwambia unavyopitia, hapo utamuumiza ambaye hana kosa. Ukitaka tuongee ana kwa ana njoo kliniki hapa Mwanga, Kigoma, siku za Jumatano mchana, mwambie mtu wa mapokezi umekuja kwa ushauri, haulizi wa nini.